Siku Diski Zilipoelemewa

Shule zilifungwa Ijumaa, na Ijumaa hiyo hiyo nusu ya mji ikataka kusafiri. Ofisi ya mabasi ilifurika watu mpaka kibarazani, wamebeba mabegi na magodoro, wameshika watoto waliokuwa bado na sare. Nyuma ya vioo, makarani wa tiketi walikodolea macho skrini zisizokwenda. Karani akiingiza jina la abiria, kiduara kidogo kilianza kuzunguka, kikazunguka, kikazunguka, hata abiria akapata nafasi ya kueleza anakokwenda, anamwendea nani, na huyo anayemwendea ameoa wapi. Watu wa nyuma wakaanza kusukumana. Mmoja akauliza kama makarani wamelala.

Kompyuta hasa iliyokata tiketi hizo haikuwa pale ofisini. Ilikuwa katika nyumba moja ya kawaida, mitaa michache kutoka hapo, ndani ya chumba ambacho zamani kilikuwa cha kulia chakula. Mke na mume wa nyumba hiyo, ambao mtaa mzima uliwaita Mama Pacha na Baba Pacha, walikuwa wamefunga humo seva tatu na kabati moja la diski. Ndani ya seva hizo waligawa kompyuta nyingi zisizoshikika kwa mkono, zile ambazo watu wa kazi hiyo huziita mashine pepe. Duka la dawa lilikuwa na yake, kliniki ya wajawazito ilikuwa na yake, ofisi ya mabasi nayo ilikuwa na yake, na wateja wengine kadhaa. Kila mteja alijiona ana kompyuta peke yake. Lakini wote, wakitaka kuhifadhi neno au kulisoma, walipita kwenye kabati lile lile moja.

Simu ya meneja wa mabasi ilipokewa na mama mzazi wa Baba Pacha, ambaye tangu wajukuu wazaliwe kila mtu alimwita Bibi. Meneja hakusalimu. Alisema kama mpaka adhuhuri hali ni hii, Jumatatu anahamia kampuni nyingine, na atawaeleza wafanyabiashara wenzake wote kwa nini amehama. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza habari za nyumbani. Meneja, aliyekuwa amejiandaa kupiga kelele, akajikuta anajibu kwamba nyumbani hawajambo.

Bibi alipoufikisha ujumbe huo jikoni, Baba Pacha alikuwa anawafunga pacha kamba za viatu. Akasimama na kiatu kimoja mkononi. Mabasi ndiyo yaliyoibeba nyumba. Bila mabasi, chumba kile kingerudi kuwa cha kulia chakula, na wao wawili wangerudi kuzungusha maombi ya kazi kwenye ofisi za watu.

Baba Pacha alisema tatizo analijua, amelisema tangu Jumatatu: diski zimezeeka, watafute nyingine. Mama Pacha akamjibu kwamba juzi alimwomba ushahidi na mpaka sasa hajauona. Wiki nzima kila asubuhi mambo yalikuwa mazito, na kila asubuhi mume alilaumu diski huku mke akilaumu kubahatisha. Hawakuwa na muda wa kuendeleza ubishi huo. Walikubaliana kwamba mume aende ofisi ya mabasi akawatulize watu kwa uso wake, na mke abaki na mitambo.

"Mwambie ninatafuta," Mama Pacha alisema. "Usimwahidi kitu ambacho sijakiona."

Baba Pacha alikwisha kuwasha pikipiki.

*

Chumba cha mitambo kilikuwa na baridi ya kiyoyozi na mvumo usiokoma. Mama Pacha alijifunga kanga mabegani, akavuta kiti, akafungua skrini mbili. Alikuwa mtu wa kupenda fundo. Tangu utotoni, uzi ukijifunga, nduguze walimpelekea yeye.

Alianza na seva zenyewe. Kama zingekuwa zimechoka, akili zake, yaani vichakataji, zingekuwa zinachemka. Hazikuwa zinachemka, zilikuwa karibu zimekaa bure, kama watu waliofika kazini wakakuta mlango umefungwa. Akaenda kwenye nyaya zinazounganisha seva na kabati la diski. Alizigusa moja moja, akatazama taa zake, akatuma data kutoka upande huu kwenda upande ule. Zilipita bila kujikwaa. Basi akafungua ukurasa wa diski, na hapo akavuta pumzi. Kila ombi lililofika kabatini lilikuwa linasubiri zamu yake kwa muda mrefu kuliko kawaida, na foleni ya maombi ilikuwa inarefuka mbele ya macho yake kama ile ya abiria kule mjini.

Sebuleni Bibi alikuwa na simu mbili. Duka la dawa lilipiga, akawapa pole. Mhasibu wa shule akapiga, akamwambia avute subira, mkwe wake yuko ndani na halali. Kila aliyepiga alisema jambo lile lile, na Bibi alilipeleka mlangoni kama lilivyo: wote wamekwama, hata yule wa duka la dawa ambaye asubuhi ile hajauza hata dawa ya kikohozi.

"Ni kabati, mama," Mama Pacha alimjibu. "Kuna mtu anapanga foleni mbele ya wote. Nataka kumjua."

Kitu cha kwanza kumjia kichwani kilikuwa kazi ya nakala za akiba. Kila siku mfumo ulinakili data za wateja wote kabla ya alfajiri, ili kitu kikiharibika kisipotee. Alipotazama, nakala ya siku ile ilikuwa bado inajikokota, saa za kazi zimekwisha kuanza. Ikawa kama amemkamata mwizi dirishani. Akaisimamisha. Mstari wa grafu ukashuka. Foleni ya maombi ikafupika, ikafupika tena. Mama Pacha alipiga kofi moja juu ya paja na kumpigia mumewe.

*

Baba Pacha alikuwa amepata mapokezi yake. Meneja wa mabasi, mwanamume mfupi mwenye shati lililopigwa pasi kwa ukali, alimshika mkono akampitisha katikati ya watu mpaka mbele ya dirisha la kwanza, akawageukia abiria.

"Mashine ni za huyu," alisema. "Mnaonilaumu mimi, mlaumuni yeye."

Kisha akarudi ndani akafunga mlango. Baba Pacha alibaki amesimama mbele ya kioo, mgongo kwa makarani na uso kwa umma. Alikuwa mtu wa maneno. Ndiye aliyewapata karibu wateja wote, kwa kucheka nao na kukumbuka majina ya watoto wao. Lakini umati hauna jina la mtoto. Mama mmoja mwenye godoro kichwani alimuuliza kwa upole kabisa kama mashine zake hula, kwa sababu kama hula basi leo zimesahauliwa. Watu walicheka. Kijana wa nyuma akataka kujua kama yeye mwenyewe ana safari, maana angependa kumwona akingoja. Baba Pacha alicheka nao, jasho likimtiririka mgongoni.

Simu ya mkewe ilipoingia, hata hakumwacha amalize. Alisikia neno "imeshuka" na hapo hapo, nyuma yake, mashine ya kuchapisha ikalia na tiketi ikatoka. Ikatoka nyingine. Furaha ilimpanda. Akapanda juu ya benchi, akainua mikono, akatangaza kwamba mambo yamekwisha, kila mtu atapata tiketi yake, na wamwie radhi kwa usumbufu. Watu wakapiga makofi. Meneja alichungulia mlangoni.

Makofi hayajaisha, mashine ya kuchapisha ikanyamaza. Karani wa dirisha la kwanza akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Kiduara kilikuwa kimerudi. Ukimya ukaenea kutoka dirishani mpaka barazani, na katika ukimya huo yule mama mwenye godoro akamwambia:

"Shuka, baba, usije ukaanguka."

*

Nyumbani, Mama Pacha aliutazama mstari ukipanda tena na hakuamini macho yake. Kisha akaelewa. Nakala za akiba hazikuwa mwizi. Nazo zilikuwa zimekwama kwenye foleni ile ile, ndiyo maana zilichelewa kuisha. Alizitoa, nafasi ikapatikana kidogo, na aliyekuwa anahodhi kabati akaijaza nafasi hiyo mara moja.

Sasa hakubahatisha tena. Alizipanga mashine pepe zote kwa wingi wa maombi yake kwenye diski, aliye juu kabisa awe mtuhumiwa. Alitarajia mabasi, kwa zogo lile la mjini. Mabasi yalikuwa ya tatu kutoka chini. Juu kabisa, mbali na wenzake wote, ilikuwa mashine ya kliniki ya wajawazito.

Alisogeza uso karibu na skrini. Kliniki ilikuwa mteja wao wa kwanza, mteja mdogo, mpole, asiyepiga simu. Kinachofanyika kule ni kuandika akina mama wanaofika kupima, kufungua kadi zao, kufunga kadi zao. Kazi hiyo haiwezi kuelemea hata kabati la mtoto. Alitaka kuingia ndani ya mashine yao aone, lakini ilikuwa desturi ya nyumba ile kutoingia kwa mteja bila kubisha hodi. Akapiga simu mapokezi.

Dada wa mapokezi alimwambia aingie tu, hana neno. Aliongeza, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba hata hivyo yeye leo ndiyo siku yake ya mwisho, kwa hiyo kama kuna maelekezo ayaache kwa atakayekuja Jumatatu.

Mama Pacha alimuuliza kuna nini. Yule dada alieleza kwamba alichukuliwa kwa majaribio, na majaribio yanaisha leo jioni. Daktari hana ubaya, lakini wagonjwa wamelalamika. Wajawazito wanasimama dirishani mpaka miguu inavimba wakati yeye anahangaika kufungua kadi moja. Juzi ameletwa binti mwingine kuonyeshwa meza.

"Lini ilianza kuchelewa hivyo?" Mama Pacha aliuliza.

"Si mashine, mama. Ni mimi. Niliwahi kupiga simu kwenu, baba akaniambia mashine hiyo inataka mkono uliozoea."

Mkono wa kulia wa Mama Pacha ulikuwa umekwisha kuingia kwenye mashine ya kliniki na macho yalikuwa yanasoma. Kila mashine pepe ina kumbukumbu ya kufanyia kazi, kama fundi cherehani na meza yake. Meza ikiwa finyu, fundi hukunja kitambaa kimoja akakipeleka stoo ili akunjue kingine, kisha hurudi stoo kukifuata kile cha kwanza, na siku nzima ikawa ni kwenda na kurudi. Meza ya kliniki ilikuwa imekatwa zaidi ya nusu. Mtu aliiwekea ukomo. Basi mashine maskini ilikuwa inakimbilia stoo kila mama mjamzito alipotaja jina lake, na stoo hiyo ilikuwa kabati la diski, lenye mlango mmoja kwa wateja wote. Kadi zilikuwa zimeongezeka mwezi hadi mwezi, na wiki hii kabati likaelemewa.

"Dada yangu," alisema hatimaye, "usiondoke hapo mezani. Hata wakikuambia uondoke, usiondoke."

*

Waliokuwa na funguo za mitambo ile ni watu wawili tu, na mmoja hakuwa amefanya hivyo. Mama Pacha alimpigia mumewe. Hakupandisha sauti. Bibi, aliyekuwa mlangoni na simu zake, aliona jinsi mkwewe alivyoishika simu, akaziweka simu zake kifudifudi.

"Baba Pacha, nani alikata kumbukumbu ya kliniki?"

Kelele za abiria zilisikika, kisha zikafifia. Alikuwa amejisogeza pembeni.

"Ni mimi," alisema. "Mabasi walipoingia, meneja alitaka uhakika kwamba hakuna atakayekuwa na mashine kubwa kuliko yake. Kumbukumbu haikutosha. Nikaangalia nani hatalalamika."

Mama Pacha alifumba macho. Alikuwa na mengi ya kusema na yote yalikuwa ya kweli, lakini foleni ilikuwa inazidi na adhuhuri ilikuwa inakuja. Akamweleza kwa kifupi alichokiona: kwamba kliniki iliyonyimwa ndiyo inayowabana wote, mabasi wakiwemo, kwamba kumbukumbu iliyofungiwa mabasi, nyingi yake imelala bure, haijawahi kuguswa, kwamba dawa ni kuifungua na kuirudisha kliniki. Na kwamba hafanyi hivyo kimya kimya. Aliyemwahidi meneja ndiye atakayemwambia.

"Saa hii?" Baba Pacha aliuliza. "Mbele ya watu hawa?"

"Ndio hao wanaosubiri."

Baba Pacha alijikaza, akagonga mlango wa meneja, akaingia na simu sikioni. Alimwambia yote, bila kutia chumvi wala kupunguza. Meneja alimsikiliza akiwa amesimama, na kadiri alivyosikiliza ndivyo masikio yake yalivyozidi kuiva. Hakuelewa mambo ya diski. Alielewa neno moja.

"Mimi nimekwama, watu wananitukana, na wewe umekuja kuniambia unanipunguzia?"

Kwa Baba Pacha kufurahisha mtu ilikuwa kama kupumua. Alikuwa na maneno kumi tayari ya kumtuliza mkubwa huyo: kwamba watangoja kidogo, kwamba wataangalia namna nyingine, kwamba hakuna shida. Maneno yote yalimfika kooni. Kupitia kioo aliona abiria wamekaa chini juu ya mabegi yao, na watoto wamewalalia. Akaipeleka simu mdomoni huku anamtazama meneja machoni.

"Punguza," alimwambia mkewe.

*

Mama Pacha aliondoa kufuli ya mabasi. Hakuna kilichotikisika. Kisha akaondoa ukomo wa kliniki, na mstari wa grafu, badala ya kushuka, ukaruka juu kuliko ulivyowahi kufika.

Vidole vyake vilikuwa juu ya kitufe cha kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Bibi alimwuliza kama ndiyo wameharibu. Mama Pacha alikuwa anawaza kwa kasi. Kliniki imepewa meza kubwa ghafla. Itafanya nini? Itakwenda stoo kubeba vitu vyake vyote kwa mara moja. Hicho ndicho anachokiona. Ni mtu anahama, si mtu anaiba. Kama ni hivyo, mzigo utaisha. Kama si hivyo, amewaua mabasi na kliniki kwa pigo moja.

Aliondoa vidole kwenye kitufe akavikalia.

Mstari ukabaki juu. Bibi akavuta kiti cha pili akaketi kando yake, bega kwa bega, na wote wawili wakautazama kama watu wanaotazama penalti. Ukayumba. Ukashuka kidogo, ukasita. Halafu ukaporomoka, ukapita pale ulipokuwa asubuhi, ukapita ulipokuwa juzi, ukalala chini kabisa ya grafu kama uzi uliodondoka sakafuni. Foleni ya maombi ilikuwa haipo. Mashine zote, kuanzia duka la dawa mpaka shule, zilikuwa zinaingia kabatini na kutoka kana kwamba mlango umeng'olewa.

Mama Pacha aliinuka, akamkumbatia mama mkwe wake kwa nguvu mpaka miwani ya Bibi ikaenda upande. Walicheka kama wasichana, bila kujua hasa wanacheka nini. Aliwasha tena nakala za akiba, ili ajihakikishie, na mstari haukushtuka hata kidogo. Hapo ndipo alipoamini.

Alipochukua simu kumpigia mumewe, sauti za mashine za kuchapisha zilisikika kabla ya sauti yake. Zilikuwa zinalia zote kwa pamoja. Baba Pacha alikuwa anacheka na kusema vitu visivyofuatana: kwamba karani wa tatu hata hafikii kuuliza jina vizuri, kwamba yule mama wa godoro amekwisha kupanda basi na amempungia mkono, kwamba safari hii hajapanda benchi. Meneja hakumshukuru. Alikuwa amesimama nyuma ya makarani, mikono kiunoni, akiangalia tiketi zinavyotoka, na swali alilouliza lilikuwa moja tu: kama mashine inakwenda hivi baada ya kupunguzwa, ile kubwa aliyoahidiwa ilikuwa ya nini.

"Ilikuwa ya kukufurahisha," Baba Pacha alikuwa amemjibu. Meneja aliguna, akasema watazungumza Jumatatu. Hakutaja tena kuhama.

Mama Pacha alimwacha amalize furaha yake. Kisha akamweleza habari za dada wa mapokezi: majaribio yanaisha leo, kuna binti mwingine ameshaonyeshwa meza, na maneno ambayo yeye Baba Pacha aliwahi kumwambia kwenye simu. Upande wa pili kicheko kilikatika.

"Nilisema tu ili nikate simu," alisema. "Nilikuwa na mteja."

"Najua. Sasa nenda. Hili halisemwi kwa simu."

*

Kliniki ilikuwa nyumba ya chini yenye veranda na mabenchi marefu. Wajawazito walikuwa wameyajaza, wakijipepea kwa kadi zao. Baba Pacha aliegesha pikipiki karibu na ngazi akaingia na kofia ya chuma kwapani. Mapokezi alimkuta daktari, mwanamke mrefu asiye na haraka, amesimama kando ya meza. Dada wa mapokezi naye amekwisha kuvaa mkoba wake begani, lakini amekalia kiti chake kwa ukaidi. Binti mwingine, amevaa vizuri, alikuwa anangoja ukutani. Daktari alikuwa anasema kwa upole kwamba hakuna sababu ya kufika jioni, anaweza kwenda mapema. Dada akajibu kwamba ameambiwa asiondoke, na akiulizwa na nani, hakuwa na jina la kutaja.

Baba Pacha aliwaamkia. Alijitambulisha kwa daktari, ingawa walifahamiana vizuri, kwa kuwa daktari ndiye aliyemzalisha Mama Pacha. Alitamani aombe faragha. Kulikuwa na chumba pale, mlango uko wazi, na daktari mwenyewe alikinyooshea mkono. Lakini lawama za dada huyu hazikutolewa faraghani. Zilitolewa dirishani, mbele ya mabenchi. Akabaki aliposimama.

Alisema kwamba kuchelewa kote kulikokuwa hapo ni kazi yake yeye. Alichukua sehemu ya mashine ya kliniki akampa mteja mkubwa bila kumwambia mtu, na dada alipopiga simu kueleza, yeye alimwambia tatizo ni mkono wake. Mkono haukuwa na tatizo. Leo imerudishwa kama ilivyokuwa, na wasimamishe malipo yao, kufidia miezi yote iliyopita, mpaka waridhike. Kwenye mabenchi watu waliacha kujipepea.

Daktari alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kutazamwa. Alimgeukia dada wa mapokezi.

"Vua mkoba," alisema. "Muite wa kwanza."

Dada aliuweka mkoba miguuni. Aliweka mikono kwenye kibodi, na mama wa kwanza alipofika mbele ya dirisha na kuanza kutaja jina lake, alibonyeza kwa woga, akajiandaa kungoja, kama alivyozoea kungoja. Kadi ilikuwa imefunguka. Aliirudia kuisoma kama mtu asiyeamini mlango alioukuta wazi. Kisha akaandika uzito, akaandika tarehe, akafunga. Akaita wa pili.

Na hapo vidole vikashika njia. Havikutafuta herufi, havikurudi nyuma. Vilipita juu ya kibodi kwa mfululizo laini, macho yake yakiwa kwa mama aliye mbele yake, si kwenye mikono. Wa tatu akaja na kuondoka. Wa nne hakuwahi hata kuegemea dirisha. Wajawazito walianza kusogea kwenye benchi kwa kasi, wakisukumana kwa makalio na kucheka, mmoja akisema wamwache apumue na mwingine akisema asiachwe kabisa. Hata yule binti aliyesimama ukutani alisogea karibu kuangalia. Daktari alikuwa hajaondoka. Alimtazama msichana aliyemhesabu mzembe miezi yote ile akifanya kazi ya makarani wawili, na uso wake taratibu ukabadilika.

"Jumatatu uje mapema," alimwambia. "Kuna makaratasi ya ajira ya kujaza." Kisha akamchukua yule binti mwingine kwa bega, akaenda kuzungumza naye ndani kuhusu kazi ya chumba cha dawa.

Baba Pacha alibaki dirishani na kofia yake. Alisema pole. Akasema tena, kwa sababu ya kwanza ilionekana ndogo. Dada hakuinua uso mara moja. Alimaliza kadi aliyokuwa nayo, akaifunga.

"Uliponiambia vile nilikuamini," alisema. "Nyumbani sina kompyuta. Nilichora vitufe kwa chaki juu ya meza ya jikoni. Kila jioni, mwanangu akilala, nilikuwa naandika hapo majina ya hawa akina mama, mmoja mmoja, mpaka chaki inafutika, nachora tena."

Dada hakumngojea ajibu. Alitazama juu ya bega la Baba Pacha, akamwita mama aliyefuata, na mama huyo akawa bado anajiinua kwenye benchi, mkono mmoja kiunoni, wakati kadi yake ilipofunguka.